Yumo Shetrini

Mwanangu ana miaka tisa, na kwa miaka minane sasa mimi ni mtu wa maji. Chupa moja iko kando ya kitanda chake, nyingine kwenye begi la shule, nyingine mezani ninaposahihishia madaftari. Mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi alionao yeye, hatakiwi kukaukiwa. Maji yakipungua mwilini damu huwa nzito, na zile seli zilizojikunja kama mundu hunasiana ndani ya mishipa myembamba zikaziba njia. Hapo ndipo maumivu yanapoanza. Chembe nyekundu ya damu ya mtu mzima wa afya huishi kama siku 120. Ya mwanangu huishi siku 10, ikijitahidi sana 20. Mwili wake unakimbizana na damu yake mwenyewe kila siku, hata siku anayocheza mpira na kupiga kelele kama wenzake.

Nimeanza na haya kwa sababu nataka kuandika habari ya Mungu kuwa pamoja nasi, na mimi habari hiyo niliielewa nikiwa nimekaa kwenye maji.

Tunaishi Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, pale mto unapoingia baharini. Nilipangiwa kufundisha huku nikiwa na mimba yake. Mume wangu kazi yake iko mbali, huja mwisho wa mwezi. Mtoto alipofika miezi kumi na moja, viganja na nyayo zikamvimba, vidole vikawa vinene na vyamoto, nikadhani ameumwa na mdudu. Daktari hakuhitaji muda mrefu. Aliagiza kipimo cha damu, akatuita sote wawili. Mimi nimebeba kinasaba cha selimundu, na baba yake vilevile, na hakuna kati yetu aliyewahi kuumwa. Wazazi wakiwa hivyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mwenye ugonjwa. Dada yake alipita salama. Yeye hakupita.

Hapa Tanzania inakadiriwa huzaliwa watoto kama 11,000 wa namna yake kila mwaka, na huku mwambao tunao wengi. Aliyerithi kinasaba kutoka kwa mzazi mmoja tu hukingwa kiasi na malaria kali, na kwa kuwa malaria imekaa kwetu karne na karne, kinasaba nacho kimekaa. Kilichomlinda bibi yangu asife na homa ndicho kinachomliza mwanangu leo. Nimeliwaza jambo hilo usiku mwingi.

Kabla ya yote hayo nilidhani ninamjua Mungu vizuri. Mama yangu hakukosa ibada, na mimi chuoni nilijiunga na vijana wa maombi. Tulikesha kila Ijumaa. Huko ndiko nilikojifunza kulitumia neno "uwepo". Leo uwepo umeshuka. Jana uwepo ulikuwa mzito. Fulani akiimba, nausikia uwepo. Siyabezi makesha yale. Nimelia mle machozi ya kweli, na baadhi ya mambo niliyomwahidi Mungu usiku ule ndiyo yananishikilia mpaka leo. Ila polepole, bila mtu kunifundisha, nilianza kuamini kwamba uwepo ni kitu kinachokuja na kuondoka. Kinanda kikilia vizuri, umekuja. Jumatatu alfajiri uko kwenye foleni ya kivuko, ndoo ya samaki ya jirani inakuchuruzikia miguuni, mtoto mgongoni ana homa, umeondoka. Basi ukawa wangu wa kuukimbiza. Nilifunga ili urudi. Nilitafuta mikutano. Na kila mwanangu aliposhikwa na maumivu nilijikagua kwanza: nimefanya nini mpaka amenipa kisogo?

Mtu mwenye swali hilo moyoni ni rahisi kupotezwa.

Mwanangu alipokuwa na miaka sita alikuja mhubiri mgeni. Sitamtaja, wala mahali. Alinikuta nimesimama mbele na mtoto, akaniuliza mtoto anakunywa nini. Nikamwambia: vidonge vya foliki kila siku, na haidroksiyurea, ambayo ilikuwa imempunguzia maumivu sana tangu aanzishiwe. Akaniambia kwamba Mungu hawezi kukaa nyumba moja na mashaka, na vile vidonge ni mashaka niliyoyaweka kabatini. Nikiviondoa, Mungu ataingia.

Hakunilazimisha mtu. Nilivifunga kwenye mfuko, nikaviweka juu ya kabati nyuma ya masanduku. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, mtoto anaruka. Jumapili ya nne nilitoa ushuhuda, nikapigiwa makofi na vigelegele. Nayaandika haya nikiwa na uchungu, kwa sababu najua kuna mama anayesoma hapa ambaye mfuko wake uko juu ya kabati saa hii. Mama, ushushe. Mpe mtoto dawa yake leo, kisha urudi usome.

Wiki ya sita ilikuwa Julai, kusi inavuma, na baridi ni adui wa watoto hawa. Alianza kulia saa nane usiku: mgongo, kisha mapaja, kisha hakuweza kusema ni wapi. Ilipofika saa tisa nilimmulika kwa simu nikaona macho ya manjano na viganja vimeparara kama karatasi. Anahema kama aliyekimbia. Hospitali iko ng'ambo, mjini Pangani, na kivuko kilikuwa kimesimama.

Jirani yangu wa upande wa pwani ni mzee mvuvi, sote tunamwita Babu. Nilipiga hodi nikiwa na mtoto begani. Taa yake ilikuwa inawaka. Alikwisha amka kwa ajili ya sala zake za usiku. Hakuuliza maswali. Alimwamsha mjukuu wake, akachukua kabuti lake akamfunika mwanangu, tukateremka ufukweni kwenye mashua yake ndogo. Kijana akashika makasia, Babu akakaa nyuma kwenye usukani, akasema Bismillahi.

"Mwalimu, kaa chini kabisa. Ngamani. Ukikaa juu utatuyumbisha."

Nikakaa chini kabisa. Mle ngamani maji yalikuwa yamekwisha ingia, na kila wimbi la mlangoni mwa mto lilituongezea. Kanga zangu zililowa mpaka kiunoni, nikamnyanyua mtoto kifuani asiguse maji. Kijana alikuwa akiacha makasia kila baada ya muda, anachukua dumu lililokatwa, anachota maji na kuyamwaga, kisha anarudi kwenye makasia. Chota, mwaga, vuta.

Niliutafuta uwepo. Naapa niliutafuta. Nilijaribu zaburi, nikajaribu kukemea, nikajaribu kuimba, hakuna kilichotoka. Sikusikia joto kifuani wala amani ipitayo akili zote. Nilisikia chumvi na uoga. Mwishowe nilichoweza kusema kilikuwa hiki tu, kwa sauti ndogo ili kijana asisikie: "Baba, si kitu kwako?"

Tulifika. Aliongezewa damu usiku uleule. Daktari wa zamu aliniuliza dawa gani anatumia, nikamwambia ukweli wote, nikingoja matusi. Aliandika, akanyamaza kidogo, akanisogezea kiti. Tulilala pale siku tisa.

Siku ya tatu au ya nne, mtoto amelala, nilifungua Biblia kwenye simu nikitafuta yale maneno niliyoyasema kwenye mashua, maana yalinirudia kichwani kama niliyoyasoma mahali. Nikayakuta katika Marko, sura ya nne. Si mimi niliyeyatunga, wanafunzi walikwisha yasema: "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" Na kabla yake, kwenye mstari huohuo: "Naye mwenyewe alikuwapo katika shetri, amelala juu ya mto."

Habari hiyo imo pia katika Mathayo na Luka, lakini Marko peke yake ndiye aliyekumbuka mto wa kulalia na mahali alipolala. Na mahali penyewe, mimi mwalimu wa Kiswahili, sikupajua. Shetri ni nini?

Tuliporudi Bweni nilimpelekea Babu mchele na sukari. Hela aliikataa tangu usiku ule.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, Mwalimu. Mgonjwa wetu hajambo?"

Nikamwambia hajambo, anakula. Tukaongea ya bahari na ya kusi. Ndipo nikamuuliza shetri ni nini. Akatabasamu, akasema hilo neno la wazee wake, yeye mwenyewe amelisikia utotoni. Ni nyuma ya chombo, ni tezi. Akanikumbusha methali ninayoifundisha kila mwaka bila kuiona kwa macho: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Omo mbele, tezi nyuma, ngama ndiyo ile chini ulikokaa wewe na mtoto.

"Na shetrini anakaa nani?"

"Nahodha. Usukani uko pale."

"Mtu akilala pale wakati wa dhoruba?"

Alifikiri. "Anayelala penye usukani bahari imechafuka, ama hana akili, ama bahari anaijua."

Nikamwambia ninayemuuliza habari zake. Babu aliinamisha kichwa, akasema, Isa bin Mariamu, amani iwe juu yake, kisha akaendelea kushona wavu wake.

Sikulala vizuri usiku ule, na safari hii haikuwa kwa uchungu. Biblia ninayoisoma ni ile tafsiri ya 1952, iliyounganisha tafsiri za Unguja na Mvita, kazi ya watu waliokaa kwenye miji ya majahazi. Ndiyo maana maneno ya chombo yamewekwa mle kama yanavyosemwa na mabaharia. Chombo chenyewe hakikuwa kikubwa. Mwaka 1986, ukame uliposhusha maji ya Ziwa la Galilaya, ndugu wawili wavuvi wa Ginosar waliona mbao za mashua zikichomoza kwenye tope. Ilikuwa ya karne ya kwanza au karibu na hapo. Urefu wake ni mita nane na kitu, upana mita mbili na kidogo. Si kwamba ndiyo mashua ya wanafunzi, lakini ni ya maji yale na ya zama zile. Darasa langu lina urefu wa mita nane. Nilisimama ubaoni siku moja watoto wakiwa mapumzikoni, nikatazama dawati la mwisho. Ni pale tu. Kutoka omo mpaka shetri ni kutoka ubaoni mpaka kwa wale watoto wanaopenda kujificha nyuma, na mimi huwasikia hata wakinong'ona. Katika chombo cha namna hiyo hakuna chumba cha kujitenga. Maji yaliyowalowesha wao yalimlowesha na yeye. Alikuwa mbali nao urefu wa mkono.

Nilichokiita kunipa kisogo kilikuwa kulala. Na kulala si kuondoka. Zaburi ya 121 inasema mlinzi wa Israeli hasinzii wala halali, na Marko anasema alilala, na mimi nayaamini yote mawili: Baba yu macho, na Mwana amechoka kama mimi ninavyochoka, amejiegemeza penye usukani wa chombo changu kinachojaa maji. Sikuhitaji ashuke kutoka mahali. Alikwisha panda nasi tangu ufukweni.

Darasa la tano huwa nawafundisha viambishi vya mahali: -po, -ko, -mo. Kitabu kipo mezani, unakiona. Kitabu kiko maktaba, huko. Kitabu kimo begini, ndani, hata kama hukioni. Mtoto wa Kiswahili akiulizwa mtu alipo, hawezi kujibu bila kuchagua mojawapo. Lugha yetu haikuruhusu useme tu kwamba mtu "ni". Tangu shetri initokee nimekuwa nikiisoma Biblia kwa sikio hilo. Zaburi ya 139 inapanda mbinguni na kushuka kuzimu, mahali pa mbali kabisa, na huko inasema, "Wewe uko". Zaburi ya 23 ikifika bondeni, penye uvuli wa mauti, inasema, "Wewe upo pamoja nami". Bondeni ni -po. Panaonyeshwa kwa kidole. Na Yesu anapowaaga wanafunzi kwenye Mathayo 28 hasemi niko huko. Anasema, "mimi nipo pamoja nanyi siku zote". Siku zote zina Jumatatu ndani yake. Zina foleni ya kivuko.

Mimi katika sala zangu nimeongeza -mo. Yumo chumbani humu. Yumo kwenye kabati la dawa. Mwanangu amelizoea, juzi sindano ilipomtafuta mshipa mara ya tatu aliniuliza, "Na humu yumo?" Nikamwambia yumo. Hakuacha kulia, na mimi sikumwambia aache.

Jambo lililonichukua muda mrefu kulielewa ni lile dumu. Marko anasema mawimbi yaliingia hata chombo kikawa karibu kujaa. Nimekaa ngamani, najua chombo kinapojaa hakuna anayekunja mikono. Lazima walikuwepo waliokuwa wanachota na kumwaga, wengine wamening'inia kwenye makasia, na yeye amelala pale. Mjukuu wa Babu alipochota maji hakuwa anasema kwamba babu yake hayupo kwenye usukani. Alichota kwa sababu yupo. Chombo chenye mtu usukanini kina faida kuchotwa maji. Mimi nilikuwa nimeambiwa nitupe dumu ili nionyeshe kwamba ninamwamini nahodha, na nikalitupa, na nusura nimzamishe mwanangu.

Sasa kila jioni saa mbili namimina kidonge kwenye kifuniko, nampa, nachota maji. Ni sala yangu ya jioni. Sijawahi kuisali nyingine kwa uaminifu namna hii, miaka mitatu bila kuruka siku. Soksi anavaa usiku wa kusi. Chandarua nakipachika mwenyewe, nakikagua matundu. Zamani haya nilikuwa nayahesabu kuwa mambo ya dunia, ninayoyamaliza haraka ili niende kwenye mambo ya Mungu.

Nilirudi pia mbele ya watu wale. Iliniwia vigumu kuliko ule usiku wa mashua. Nilisimama Jumapili, nikasema ushuhuda nilioutoa haukuwa kweli, mtoto hakuwa amepona, na nilimnyima dawa, na Mungu alikuwa nyumbani mwetu wakati wote vidonge vikiwepo na wakati vimefichwa, wala hakungoja niviondoe ndipo aingie. Hakuna aliyepiga makofi. Baadhi hawakunisalimia mlangoni. Lakini kina mama wawili walinifuata nyumbani jioni ile, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja alikuwa na mfuko wake juu ya kabati.

Kuna jambo sina namna ya kulipamba. Wodini tulikuwa na jirani, mama mwenye binti wa umri wa mwanangu, mtu wa sala kuliko mimi, na dawa hakuwahi kuacha hata siku moja. Binti alifariki mwaka jana, masika. Katika Marko dhoruba ilitulia. Kwake haikutulia. Nilikwenda msibani nikiwa na hofu ya kuulizwa, kwa maana mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia habari za shetri. Tulikaa mkekani muda mrefu. Mwishowe yeye ndiye aliyesema, akitazama ukuta: "Alikuwapo. Alikuwa anafanya nini sijui, lakini alikuwapo. Sikuwa peke yangu mle ndani." Sikuongeza neno. Watu wakija kuniuliza ninaamini nini, huwa nawarudisha kwake, kwa sababu mimi mwanangu anakula chakula mezani wakati ninapoyasema haya, na yeye aliyasema kaburi likiwa bado bichi.

Wiki iliyopita tulikuwa kliniki. Benchi limejaa, joto, watoto wanalia kwa zamu. Aliingia mama kijana sana, labda miaka ishirini, amembeba mtoto wa mwaka mmoja ambaye viganja vimevimba. Nilivijua viganja vile. Majibu ya kipimo yalikuwa mkononi mwake, ameyakunja mpaka yamekuwa madogo kama kete. Akasimama ukutani kwa kuwa hapakuwa na nafasi. Akamtazama mwanangu, akanitazama mimi, akauliza bila salamu, "Dada, Mungu yuko wapi lakini?"

Alitumia -ko. Niliisikia.

Zamani ningemfungulia Biblia palepale. Nilisogea, nikamsukuma mwanangu naye akasogea, na yule wa pembeni akasogea, ikapatikana nafasi ya mtu mmoja. Akakaa. Nikampokea mtoto ili apate kunywa chai, kwa kuwa tangu alfajiri hakuwa ametia kitu mdomoni. Mwanangu akafungua chupa yake ya maji, akamimina kwenye kifuniko, akamwekea mtoto mdomoni taratibu, kama anavyowekewa yeye. Muuguzi alikuwa bado anaita namba za mbali na zetu.